Jerikeni ya Mchanga Miguuni pa Kitanda

Agosti 5

Nesi Asiku amechoka na kelele zangu. Asubuhi ameniletea daftari la shule na kalamu, akaniambia, "Mama Peace, maneno ile ya usiku andika humu. Watu ya wodi nataka kulala." Basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu baba yangu alikuwa askari, nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambi, na shule nilisomea Kitale tulipokuwa wakimbizi.

Mimi ni Agnes Keji, fundi cherehani wa Koboko. Jumamosi nilikuja Arua kununua bitana na zipu. Narudi stendi kwa boda, tukafika Onduparaka wakati watu wanatoka mpirani. Timu yao imeshinda, basi barabara yote ni filimbi na ngoma, na mvua juu. Boda akakwepa kundi, tukateleza, pikipiki ikanilalia. Yeye aliinuka akajipangusa matope. Mimi nililitazama paja langu la kushoto nikaona limepinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo.

Sasa niko hapa, katika hospitali ndogo upande wa Ediofe. Kengele za kanisa kuu nazisikia, kanisa lenyewe silioni. Dirisha liko nyuma ya kichwa changu.

Agosti 6

Dokta Obitre amekuja kunieleza. Ni mtu mpole, anaongea taratibu mpaka unataka kumsukuma. Anasema fupa la paja ndilo fupa refu kuliko yote mwilini, na langu limekatika katikati. Kumbe mfupa wenyewe si shida kubwa, shida ni misuli. Misuli ya paja ina nguvu sana na haipumziki, inavuta tu. Mfupa ukiwa mzima, unaikatalia. Ukikatika, misuli inakivuta kipande cha chini mpaka kinapanda juu ya mwenzake, vikishaungana hivyo mguu unabaki mfupi maisha yote.

Nikamwambia, "Hiyo naielewa, Dokta. Kitambaa cha kuvutika ukikikata bila kukishika ncha mbili, kinajikunja chenyewe."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Kwa hiyo na sisi tutakushika ncha mbili."

Wenyewe wanaita traksheni. Walinichoma sindano ya ganzi, wakautoboa mfupa wa muundi, huu wa mbele ya mguu, chini kidogo ya goti. Wakapitisha chuma chembamba upande huu kikatokea upande ule. Kwenye chuma wamefunga kamba, kamba inapita juu ya kapi kwenye chuma cha kitanda, na huko mwisho inaning'inia jerikeni iliyojaa mchanga. Miguu ya kitanda upande ule wameiinua kwa matofali, ili mwili wangu uvute huku na jerikeni ivute kule. Kwa hiyo nalala kichwa chini, miguu juu. Jerikeni siioni, nasikia tu inavyonivuta.

Nikauliza mpaka lini. Wiki sita, akasema, pengine zaidi. Kuna njia ya kupasua na kuingiza chuma ndani ya mfupa, lakini mashine yake hapa hakuna, na Kampala ni mbali kwa paja lililokatika.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nimemwambia Dokta, "Nirudishie miguu iliyolingana. Mengine yote nitavumilia." Hakuniahidi kitu.

Agosti 7

Hapa kila mgonjwa lazima awe na mtu wake wa kumtunza. Mtu huyo anapika jikoni nyuma ya wodi, anafua, anamwaga choo, na usiku analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Nikampigia mume wangu Ladu. Nikamsihi asimtoe binti yetu Peace shuleni, anitafutie mtu mwingine yeyote.

Katika ukoo mzima kaniletea Juliet, dada yake. Wifi yangu huyu hajawahi kula kwangu bila kusema chumvi imezidi. Ameingia na sufuria zake, amenitazama kutoka kichwani hadi kwenye kamba, akasema, "Nilikuambia subiri mvua iishe ndio uende Arua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Guu lenyewe hili hapa, nikamwonyesha. Karibu.

Agosti 9

Mvua tangu alfajiri. Mabati yanapiga mpaka huwezi kusikia mawazo yako.

Agosti 12

Nimejifunza kwamba kulala nako kunaua. Asiku anasema ngozi inakula kutoka kwenye damu. Ukilalia mahali pamoja muda mrefu unaibana mishipa, damu haifiki, ngozi inakufa njaa, na hapo vinaanza vidonda vya kulalia. Vikianza kwenye makalio vinachimba hadi mfupa. Tena damu ya miguuni isipotembezwa inaganda, na bonge likichomoka linaweza kwenda mpaka kwenye mapafu likakuzibia pumzi. Kwa hiyo kila mara nishike kile chuma kilicho juu yangu nijiinue, na nichezeshe vifundo vya miguu na vidole.

Juliet amelishika neno hilo kama sheria ya jeshi. Nikifumba macho kidogo tu, ananigonga unyayo na mwiko. "Kifundo! Chezesha kifundo!" Ananipangusa mgongo kwa maji na sabuni, ananikausha, ananigeuza upande kwa mikono yake ya kupondea muhogo. Wodi nzima inacheka. Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyomchukia huyu saa kumi na mbili asubuhi.

Agosti 16

Leo nimelia mbele yake. Nilimwomba ainyanyue jerikeni kidogo tu, dakika mbili, goti lipumue. Goti linauma kama linang'olewa.

"Hapana."

"Juliet, wewe ni mwanamke mwenzangu."

"Dokta nasema jerikeni hapana gusa. Mimi hapana gusa. Lia tu, machozi haivunji mfupa."

Akaondoka kwenda kuosha sufuria. Ukoo wa mume wangu wana mioyo ya mawe, na huyu ndiye mfano wao.

Agosti 17

Mvua. Muhogo na kunde.

Agosti 20

Kitanda cha pili, upande wangu wa kulia, wameingia watu wa Sudan Kusini wanaokaa Koboko. Mgonjwa ni Santo, mwanaume mkubwa, kaanguka kutoka juu ya lori la mahindi. Kifundo cha mguu kimesagika na kidonda kimefanya usaha. Mtunzaji wake ni mama yake, Mama Elena, mwembamba, shanga za rozari shingoni, sauti ya chini. Amekuja na kiti chake kidogo cha mbao cha kukalia jikoni, anakibeba kila aendako.

Aliponiona alisimama, akiitazama ile kamba. Kisha akasema, "Mutoto yangu, nani alikufunga hivi?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alinishika paji la uso, na mimi nikakumbuka kwamba tangu nifike hapa hakuna aliyenigusa ila kwa kunipangusa au kunigonga.

Agosti 27

Nataka kuandika hili taratibu, nisije nikajidanganya.

Mchana Juliet alikuwa jikoni na Santo amelala. Paja lenyewe halinitesi tena kama mwanzo, maumivu yamehamia gotini na pale chuma kilipopita. Nilikuwa naguna. Mama Elena akaja na kiti chake, akakaa huko miguuni ambako sioni, akaniambia, "Funga macho. Nitaomba." Nikafumba. Akaomba kwa Kiarabu cha Juba, na kwa Kibari, na majina ya watakatifu ninaowajua na nisiowajua. Katikati nikasikia kiti kikikwaruza sakafu, amekiacha na kupiga magoti. Na maumivu yakaondoka! Nilihisi goti linalegea, kama mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa.

Nililala usingizi mzito. Nilipoamka jioni Mama Elena alikuwa anafagia pale miguuni, na maumivu yalikuwa yamerudi, lakini nilikuwa nimepumzika.

Mimi si mtu wa miujiza. Nimeandika tu nilichokihisi.

Agosti 28

Sala. Kiti kikakwaruza. Nafuu.

Agosti 30

Sala tena, alfajiri Juliet alipokwenda bombani, na mchana. Nafuu mara zote mbili. Mungu asifiwe.

Septemba 3

Jana usiku ilinyesha, na leo jioni kumbikumbi wametoka ardhini kwa wingi wa ajabu. Wodi yote ilikimbilia nje na mabeseni, hata Asiku, hata Santo kwa magongo. Nilisikia watu wanapiga kelele na kucheka chini ya taa ya uani. Mimi nililala nikitazama dari. Kumbikumbi watatu walinidondokea kifuani, wakaacha mbawa zao na kuondoka zao kwa miguu.

Nililia kwa wivu, nakiri, niliwaonea wivu wadudu. Juliet alirudi na sufuria iliyojaa, akakaanga, akaniletea wa kwanza wakiwa bado moto. Chumvi ilizidi. Nilimwambia.

Septemba 8

Tumegombana. Juliet ameniuliza kwa nini siku hizi nalala sana mchana na silalamiki. Nikamwambia kuhusu sala. Akasema, "Mwambie mama ile kiti yake asiweke chini ya kitanda yako. Nikifagia iko njiani."

Nikamwambia kwamba wivu utamuua. Mama wa watu, mgeni, na mgonjwa wake mwenyewe anamuuguza, ananionea huruma kuliko yeye wa ukoo. Juliet akachukua ndoo akaenda bombani, nikafurahi kumshinda.

Septemba 12

Leo nilikuwa nimechoka kulala mpaka nikapima kila kitu ninachokifikia. Mkanda wangu wa kupimia nilikuwa nao shingoni siku ya ajali, Juliet aliuosha damu. Nimepima mto, mkono, kiuno. Kiuno kimepungua. Kisha nikajiinua kidogo nikapima mapaja, kutoka ule mfupa wa nyonga unaochomoza mbele hadi kofia ya goti. La kulia kwanza, halafu la kushoto.

Nikarudia. Nikarudia tena. Paja la kushoto ni fupi kwa upana wa vidole vitatu.

Nimepima watu miaka ishirini. Sikosei kitu kama hicho. Kesho ni eksirei. Mungu wangu, fanya niwe nimekosea.

Septemba 13

Sikukosea.

Walileta mashine ya eksirei kitandani. Baadaye Dokta Obitre akainyanyua picha juu ya taa, nami nikauona mfupa wangu mwenyewe: vipande viwili vimepandana, na kuvizunguka ukungu mweupe. Ule ukungu, alisema, ndio mfupa mpya unaoanza. Hakuna dawa inayogundisha mfupa, unajishona wenyewe. Damu iliyomwagika inaganda pale palipovunjika, inageuka kitu laini kama gegedu la sikio, kisha chokaa inaingia taratibu mpaka unakuwa mgumu. Wenyewe huita kalasi. Kwangu kalasi imeanza kufunga, lakini imefunga mfupa ukiwa umekaa vibaya.

"Bandi tu, nyuzi za kushikiza," nilisema. Sauti yangu niliisikia kwa mbali. "Haujapigwa mshono bado. Bandi inafumuliwa."

"Bado ni laini, ndiyo. Tutaongeza uzito na kuvuta upya. Lakini Mama Peace," na hapa kwa mara ya kwanza hakuongea taratibu, "ule uzito ulikuwa wa kutosha. Mguu hauwezi kufupika hivi isipokuwa kuna mtu amekuwa akiuinua, si mara moja. Nani anagusa jerikeni?"

Asiku alimtazama Juliet, kwa sababu mtunzaji ndiye anayelala chini ya kitanda. Nami nikamtazama Juliet. Mdomo wangu ukafunguka.

Nilisema yote. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema huyu hakunitaka tangu siku ya kwanza nilipoolewa, kwamba mchana anajifanya polisi wa jerikeni na usiku nikilala anainyanyua, anataka nibaki kiwete ili kaka yake aoe mwingine. Nilisema mbele ya Dokta, mbele ya Santo, mbele ya mama wa watu aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake na rozari mkononi. Hata kule mlangoni watu walisimama kusikiliza.

Juliet alinisubiri nimalize. Akaniuliza, "Umemaliza?" Kisha akamwambia Asiku, "Mgongo yake pangusa asubuhi na jioni. Ukimwacha atadanganya kwamba amejiinua." Akachukua mkeka wake. Sufuria aliziacha.

Wamebadilisha jerikeni, wameleta kubwa zaidi. Hesabu ya wiki inaanza upya leo. Siwezi kuandika tena.

Septemba 14

Inauma. Mvua.

Septemba 15

Ladu amepiga simu. Sikumpokea. Nitamwambia nini? Dada yake amefika Koboko, nadhani hakusema neno, maana Ladu ameandika ujumbe akiuliza tu kama nimekula.

Nimekula. Mama Elena ndiye anapika kwa ajili yetu sote watatu sasa. Choo changu anamwaga yeye. Naona aibu.

Maumivu ya jerikeni mpya sina maneno yake. Dokta anafumua bandi iliyo ndani ya nyama yangu, na mimi siwezi hata kugeuka upande. Nimefungwa na kamba, nimefungwa na mvua, na nje kila mtu mwenye miguu miwili anapita anaongea habari za bei ya sukari.

Mchana Mama Elena alikuja. "Funga macho, mutoto yangu." Kiti kikakwaruza sakafu, na goti likalegea.

Nikafumbua macho, nikabaki natazama dari. Juliet hayupo. Juliet yuko Koboko. Kwa nini goti linalegea?

Septemba 16

Nimekaa na jambo hili tangu jana. Jana ile ile, kabla ya Asiku kuja kupangusa mgongo, kiti kilikwaruza tena na maumivu yakarudi. Kiti kikienda, nafuu. Kiti kikirudi, maumivu. Kwa nini sikuhesabu hivi wiki karibu tatu? Kwa sababu sikutaka. Ilikuwa tamu.

Kwenye mkoba wangu wa ushonaji kuna kioo kidogo ninachowapa wateja watazame kola. Nimekiweka chini ya mto.

Septemba 17

"Funga macho," alisema. Sikufumba.

Nilisubiri kiti kikwaruze. Kisha nikanyosha mkono juu, nikakielekeza kioo miguuni. Kwa mara ya kwanza nikaiona jerikeni yangu. Ilikuwa imekaa juu ya kile kiti cha mbao, imetulia, na kamba yake imelegea. Pembeni yake Mama Elena amepiga magoti sakafuni. Macho yake alikuwa ameyafumba kweli. Alikuwa anaomba kweli. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Nilitaka kupiga kelele mpaka mabati yang'oke. Nilikuwa na maneno tayari, mabaya kuliko niliyomwambia Juliet. Lakini yale ya Juliet yalikuwa bado mdomoni mwangu, machungu, yakanizuia.

Nikasema, "Mama. Ondoa kiti."

Akashtuka. Hakukana. Alikuja mpaka kichwani pangu akakaa chini sakafuni, ili uso wake uwe karibu na wangu.

"Baba ya Santo," alisema. "Wakati ya vita, watu walikuja, walimfunga jiwe mguu, wakamning'iniza kwa mti. Siku mbili mimi naona. Walisema nikigusa kamba, wataua watoto. Sikugusa. Alikufa, mimi naangalia tu. Halafu nakuja hapa, nakuona wewe na jiwe kwa mguu, unalia. Hapa hakuna mutu na bunduki. Nikasema, Elena, leo gusa."

Nilimwambia, kwa jinsi nilivyoweza, kile Dokta alichoniambia mimi. Kwamba misuli inavuta na hakuna wa kuikatalia ila hiyo jerikeni. Kwamba kamba hii hainiadhibu, inanishikia mfupa. Kila kiti kilipoingia, mguu wangu ulirudi nyuma. Nikamwonyesha kwa mikono, vidole hivi juu ya hivi. Alipoelewa aliweka viganja kichwani.

"Mimi nimekuvunja mara ya pili."

"Hukujua, Mama."

"Na yule binti ya watu, umemfukuza kwa sababu yangu. Na mimi nilikaa kimya." Hilo la mwisho alilisema polepole, maana hilo alilijua.

Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Nikamwambia tu, "Ondoa kiti, Mama. Nikilia, niache nilie."

Akaenda. Kiti kikakwaruza. Uzito ukaja wote kwa mara moja, nikauma kona ya shuka.

Jioni alikwenda mwenyewe kwa Asiku na Dokta akawaambia. Nilidhani watawatoa wodini, yeye na Santo. Dokta Obitre alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kosa ni lao pia: kila siku waliwaeleza mgonjwa na mtunzaji wake, lakini hakuna aliyewaeleza majirani ile kamba ni ya nini. Leo Asiku ameeleza kitanda kwa kitanda.

Septemba 18

Nimempigia Juliet. Nilimweleza kila kitu, kiti, kioo, Mama Elena. Nikamwambia nimemkosea, na kwamba maneno yale natamani ningeyameza.

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Unachezesha kifundo?" akauliza.

"Nachezesha."

"Mwongo."

Nikaanza kulia. Akasema nguo zangu zimefuliwa, bado mbichi kwa mvua hii. Zikikauka atakuja.

Septemba 20

Amekuja. Nguo zilikuwa bado mbichi. Hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja miguuni akaishika kamba kuona kama imekaza. Mama Elena akamletea kile kiti, akakiweka mbele yake. Juliet alikitazama kiti, akamtazama mama, akakikalia.

Tangu hapo anakikalia pale pale, kati ya jerikeni na dunia.

Septemba 29

Inauma. Juzi nilimwomba tena ainyanyue. Alikataa. Nilimshukuru kesho yake.

Oktoba 6

Mvua. Tundu la chuma lilitoa usaha kidogo, Asiku anasafisha kwa maji ya chumvi na wamenipa antibayotiki, yaani dawa inayoua vijidudu. Siyo ya maumivu, lakini mimi nilidhani ni ya maumivu, nikaimeza kwa furaha bure.

Oktoba 11

Santo ameruhusiwa. Mama Elena aliniaga kwa kunishika paji la uso kama siku ya kwanza. Kiti amemwachia Juliet.

Oktoba 19

Leo hakuna kitu. Nimetazama dari. Juliet amenisimulia filamu nzima ya Kinaijeria na kuikosea mwisho.

Novemba 2

Eksirei. Vipande vimenyooka mstari mmoja, na kalasi imekuwa nene na nyeupe. "Mshono huu sasa," alisema Dokta Obitre. Nilimwuliza kuhusu urefu. Alisema wamevuta kadiri nyama ilivyokubali, sasa tusubiri nisimame.

Novemba 8

Wamekata kamba. Wamechomoa chuma. Jerikeni Asiku ameimwaga mchanga wake uani, nikamwona kupitia mlangoni, kwa sababu sasa kitanda kimelala sawa na mimi naweza kukaa. Ediofe kuna miti mingi kuliko nilivyofikiri.

Nilisimama kwa magongo. Dunia ikazunguka, Juliet akanishika kiuno. Hatua chache tu, mguu wa kushoto ukigusa chini kidogo kama Dokta alivyoagiza. Siwezi kujua kwa kusimama hivyo. Niliporudi kitandani nikatoa mkanda.

"Pima," nikamwambia Juliet. "Mimi siwezi kufika chini."

Hakutaka. Akasema tule kwanza. Nikalala chali, nikanyosha miguu yote miwili, nikashika ncha ya mkanda kwenye mfupa wa nyonga, yeye akaupeleka mpaka kwenye kifundo, upande wa ndani. Wa kulia kwanza, akasoma namba. Kisha wa kushoto. Alikaa sana pale chini, ameinama, sioni uso wake.

Akasoma namba ile ile.

"Iko sawa," alisema. "Iko sawa kabisa, Mama Peace. Tuende nyumbani."

Lakini ncha ya juu nilikuwa nimeishika mimi, na mkanda ulikuwa umelegea.

"Juliet," nikamwambia. "Vuta."

"Nasema iko sawa."

"Wifi yangu. Vuta."

Akavuta. Mkanda ukakaza kutoka nyongani hadi kifundoni, akasoma tena, kwa sauti ndogo. Ni fupi kwa upana wa kidole kimoja. Kisha akakaa kwenye kile kiti akalia kwa sauti, mpaka wodi nzima ikageuka kutazama, na mimi nikamwachia alie. Alipomaliza nilimwuliza ni duka gani hapa Arua linauza soli nene.